Vijana katika kazi ya afya ya umma duniani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kama mwelimishaji rika Tanga, nikaratibu vikundi vya vijana kwa miaka kadhaa, na siku hizi kazi yangu ni kuwasaidia wanaoratibu. Maswali hayabadiliki sana. Yanaingia kwa simu saa nne usiku, au baada ya semina watu wakiwa kwenye foleni ya nauli. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo hadi yale yanayotuumiza kichwa. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakokujua. Jambo likishajibiwa mahali, kwingine nitakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Ya mwanzo

Afya ya umma duniani ni nini hasa? Si ndiyo udaktari?

Daktari humtibu mgonjwa aliyekaa mbele yake. Afya ya umma inahangaika pia na watu ambao bado hawajaugua: maji wanayokunywa, chanjo, vyandarua, vyoo vya shule, moshi wa jikoni. Likiongezwa neno "duniani", maana yake ni kwamba nchi moja haiwezi kulimaliza tatizo peke yake. Marburg, homa ya virusi iliyo ndugu yake Ebola, ilipotangazwa Kagera mwezi Machi 2023, nchi jirani nazo zilikaa macho, kwa sababu wavuvi na wachuuzi wa kule huvuka mpaka kama wanavyovuka barabara.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mpishi. Mwaka 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, kijana wa miaka 23 aitwaye Ali Maow Maalin alikuwa akipika hospitalini. Siku moja alipanda gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili amwonyeshe dereva njia. Ilikuwa safari ya dakika chache tu. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa sindano. Akaugua, akapona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida, na mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Miaka mingi baadaye alizunguka mitaani akiwahimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio, na alichowasimulia ni jinsi yeye mwenyewe alivyoikimbia sindano. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa bado kwenye kazi hiyo ya polio.

Kijana ni mtu wa umri gani?

Inategemea nani anauliza. Umoja wa Mataifa huhesabu miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unasema 15 hadi 35, na sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inakwenda hivyohivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanzia 18 hadi 35.

Jambo hili linaonekana dogo mpaka likukoseshe nafasi. Tangazo limeandikwa "kwa vijana", wewe una miaka 28, unakesha ukiandika barua, kumbe nafasi ni ya mwisho miaka 26. Soma mstari wa umri kabla ya mstari mwingine wowote. Kama una chini ya miaka 18, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

Sijasomea mambo ya afya. Kuna nafasi yangu?

Ipo, na pengine ni kubwa kuliko ya yule aliyesomea. Angalia Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Walifariki watu 2,287, na hapo chanjo ilikuwepo. Mabango na vipeperushi vingi viliandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu. Watu wa Translators without Borders, shirika la wafasiri, walipokwenda kuuliza watu wa Beni na Goma wanaelewa nini, ikaonekana wengi walitaka maelezo kwa Kinande au kwa Kiswahili chao cha Kongo, kile cha sokoni. Aliyehitajika pale ni mtu anayejua bibi wa Beni anaitaje homa, anaitaje damu, na neno gani likitamkwa linatisha bure. Cheti cha udaktari hakifundishi hilo.

Vikundi vyetu wenyewe havijawahi kufa kwa kukosa muuguzi. Vimekufa kwa kukosa mtu wa hesabu. Ukijua kutunza stakabadhi, kuchora ramani kwa simu, kuendesha bodaboda kwenye vichochoro visivyo na majina au kuzungumza kwa lugha ya alama, kuna kazi inakusubiri.

Kwa nini kuwahangaikia vijana? Watu wazima wameshindwa?

Karibu nusu ya Waafrika hawajafika miaka 20. Ukipanga huduma bila wao, umewaacha nje karibu nusu ya watu.

Nikupe kimoja nilichokiona. Kituo fulani kilifungua chumba cha huduma rafiki kwa vijana, kikapakwa rangi nzuri na kuwekewa viti vipya. Kilifunguliwa saa mbili asubuhi, kikafungwa saa tisa na nusu. Binti wa kidato cha tatu akatuambia, "Nikitoka shule nakuta kufuli. Na siku nikiwahi, kwenye benchi wamekaa majirani wa mama." Mlango wa chumba ulikuwa mkabala na kliniki ya wajawazito. Walioupanga walikuwa watu wazima wenye nia njema, na hakuna aliyemuuliza huyo binti mpaka mwaka ulipokwisha na rejista ikawa tupu.

## Kuingia mlangoni

Niko wilayani, sina mtu ninayemjua. Nianzie wapi?

Zahanati iliyo karibu na kwenu. Najua ulitarajia niseme Geneva, kwenye makao ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lakini watu wa Geneva nao hutegemea takwimu zinazoanzia kwenye rejista ya zahanati hiyo.

Chukua barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, ipeleke kwa mganga mfawidhi. Usiende siku ya kliniki ya watoto, maana siku hiyo hata chai hanywi. Ukifika usimwambie unataka "kushiriki katika afya ya umma". Mwambie unachoweza kufanya: kupanga foleni siku ya chanjo, kuingiza daftari kwenye kompyuta, kuwafuatilia watoro.

Watoro ni watoto walioanza chanjo wakakosa dozi zinazofuata. Kata moja ya Muheza, rejista yao ilikuwa imejaa watoro. Vijana wawili wakapewa majina na baiskeli. Siku nne baadaye wakarudi na orodha imepungua karibu nusu: wengine walishachanjwa zahanati nyingine, wengine familia zimehama, na kuna mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, kwa jina la shangazi na kwa jina la babu. Waliobaki walikuwa watoro kweli, na mama zao walisema neno moja: siku ya chanjo ni siku ya gulio. Zahanati ikahamisha siku. Hiyo ndiyo kazi ya afya ya umma, na iligharimu maji ya kunywa na kiraka kimoja cha tairi.

WAJA ni nani, na nawezaje kuwa mmoja wao?

Ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Kenya ilizindua wake Septemba 2023 ukiwa na wahamasishaji zaidi ya 100,000, wakipewa mikoba ya vifaa na simu.

Kupata nafasi kunapitia kwa jamii yenyewe, kwa hiyo usisubiri tangazo la mtandaoni. Hudhuria mkutano wa kijiji au mtaa. Jina la mtu asiyewahi kuonekana mkutanoni halipendekezwi na mtu. Kuhusu malipo, tazama sehemu ya pesa.

Niko chuo. Nijiunge na chama kipi?

Wanafunzi wa udaktari Tanzania wana TAMSA, Kenya wana MSAKE. Vyote viko ndani ya IFMSA, shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1951, na Afrika kuna FAMSA, iliyoanzishwa mwaka 1968. Wauguzi, wafamasia na wanafunzi wa meno nao wana vyama vyao. Faida ya vyama hivi ni kwamba vina viti halali kwenye mikutano ya kimataifa ambavyo mtu mmoja mmoja hawezi kupewa.

Kasoro yao ni kwamba ni vya wanafunzi wa fani. Kijana aliyeishia kidato cha nne hana mlango pale, na vyuo vingi viko mijini. Kama wewe ni kiongozi wa chama, mbebe huyo kwenye safari zako za vijijini kama mwenzako wa kazi. Usimfanye mtu wa kubeba maturubai.

Nafasi za mafunzo kwa vitendo za Shirika la Afya Duniani zinalipwa?

Zinalipwa posho, tangu mwaka 2020. Kabla ya hapo kijana alikwenda Geneva, mji ghali kupindukia, kwa mfuko wa wazazi wake, kwa hiyo waliokwenda walikuwa watoto wa wenye nacho, wengi wao wa nchi tajiri. Vijana waliowahi kupita pale walipiga kelele miaka mingi. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaazimia kwamba ifikapo 2022 angalau nusu ya wanaopokelewa watoke nchi maskini na za kipato cha kati. Ukitaka mfano wa vijana kubadilisha sera ya dunia, huo hapo, na jambo lenyewe lilikuwa chakula na kodi ya chumba.

Uwe na miaka 20 au zaidi, uwe bado unasoma chuo au umemaliza karibuni. Muda ni wiki 6 hadi 24. Kumbuka shirika lina ofisi ya kanda Brazzaville na ofisi katika nchi zetu, pamoja na Dar es Salaam na Nairobi. Kila mtu anakimbilia Geneva, lakini ofisi ya nchi ndiyo itakayokuweka karibu na kazi yenyewe.

Na kujitolea Umoja wa Mataifa au Umoja wa Afrika?

UNV, taasisi ya Umoja wa Mataifa ya kujitolea yenye makao Bonn, Ujerumani, ina kundi la vijana wa miaka 18 hadi 26, nao hupewa posho ya kujikimu. Pia ina kazi za kufanya mtandaoni kwa yeyote aliyefika miaka 18, bila malipo. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea, cha miaka 18 hadi 35, kilichoanzishwa mwaka 2010. Mwaka 2022 Umoja huohuo uliwatumia vijana kuhamasisha chanjo ya UVIKO-19 chini ya mpango ulioitwa Bingwa. Ndiyo, kwa Kiswahili chetu.

Kiingereza changu kinanikwamisha. Nifanyeje?

Kwa maombi ya kimataifa utakihitaji, au Kifaransa, hilo siwezi kukuficha. Andika barua yako kwa Kiswahili kwanza, useme unachotaka kusema, ndipo umpe mtu akusaidie kuigeuza. Barua nyingi ninazosoma zimejaa maneno makubwa yaliyookotwa kwenye matangazo, na mwandishi mwenyewe hayumo ndani. Kwa kazi ya wilayani, Kiingereza hakihitajiki kabisa, na mwenye kukitumia mbele ya wanakijiji kwa kawaida anaficha kitu.

## Pesa

Nitalipwa?

Uliza kabla ya kuanza, na uliza kwa maneno haya: nauli ni shilingi ngapi, inatolewa lini, chakula nani analipa, na bando la simu je? Watu wanaona aibu kuuliza, eti wataonekana hawana moyo wa kujitolea. Anayekualika yeye analipwa mshahara kwa siku hiyohiyo.

Mwaka wangu wa kwanza, mradi mmoja mkubwa ulituita vijana arobaini kuhamasisha nyumba kwa nyumba kwa siku tano. Tulipewa fulana, kofia na soda. Miaka miwili baadaye ripoti ya mradi ikanipitia mikononi kwa bahati. Siku zetu tano zilikuwa zimeandikwa "mchango wa jamii" na zimewekewa thamani ya shilingi, kwa mkono wa mhasibu, hadi senti. Kumbe bei yetu waliijua. Ile fulana ninayo bado, napigia deki.

Wahamasishaji wa Kenya hulipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hazitoshi, lakini zimeandikwa kwenye bajeti, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.

Sisi ni shirika. Tunataka kushirikisha vijana lakini bajeti ni ndogo.

Punguzeni idadi. Vijana wanane wanaolipwa nauli kwa wakati ni bora kuliko themanini wa kupigwa picha. Nauli itolewe asubuhi wanapoingia, au itumwe kwa simu jana yake. Ikisubiri jioni, wasio na nauli ya kuja hawatakuja, nanyi mtakuwa mmechuja maskini bila kujua. Kama kuna binti mwenye mtoto mchanga, tafuteni mtu wa kumshikia mtoto. Kikao kikichelewa kikamalizika saa moja usiku, mabinti wasiachwe watafute bodaboda wenyewe.

Misaada ya Marekani imekatwa. Bado kuna kazi?

Zimepungua, na sitakudanganya. Misaada ilisimamishwa Januari 2025, na ilipofika Julai mosi mwaka huo USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa. Miradi mingi ya VVU iliyowaajiri vijana ilitegemea fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2003. Waelimishaji rika niliowafahamu waliondoka wa kwanza, kwa kuwa hawakuwa na mkataba bali posho, na posho haina notisi.

Ninachowaambia vijana sasa ni kuigeukia bajeti ya halmashauri au kaunti yao. Ni ndogo, ina ucheleweshaji, lakini haikatwi na uchaguzi wa nchi nyingine. Tanzania kuna ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya vijana bila riba. Ni mkopo wa biashara, usiuchukue kwa ajili ya uhamasishaji ukashindwa kurejesha. Kuna kikundi nilichokilea kilichofungua banda la kuuza maji, na faida yake ndiyo inayolipa nauli za vikao.

## Sauti au pambo

Nitajuaje kama natumika kama pambo tu?

Mwaka 1992 Roger Hart aliandika kwa ajili ya UNICEF kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto, yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini hakuvihesabu kuwa ushiriki: kuchezewa akili, kuwa pambo, na kuwekwa ili jina lionekane. Juu kabisa ni pale wazo linapoanza kwa vijana na uamuzi ukafanywa pamoja na wakubwa.

Mimi huuliza swali moja: baada ya ninyi kusema, kuna mstari gani uliobadilika kwenye karatasi? Niliwahi kuingia ukumbini saa mbili asubuhi nikakuta maazimio ya vijana yameshachapwa na kurundikwa mezani, karatasi bado za moto, na kikao hakijaanza. Tulifundishwa jinsi ya kuyasoma kwa zamu.

Kwenye vikao wakubwa hawatusikilizi. Tufanyeje?

Salamu kwanza. Shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu hoja, na mzee aliyesalimiwa vizuri hana kisingizio cha kusema hawa watoto hawana adabu. Kisha njoo na kitu mkononi: orodha, ramani, hesabu ya siku ambazo dawa zilikosekana. "Vijana tunaomba tushirikishwe" husahaulika kabla ya chakula cha mchana. "Mheshimiwa mwenyekiti, mwezi uliopita kipimo cha malaria kilikosekana siku kumi na moja, tarehe zake hizi hapa" itabidi mtu aijibu.

Na uangalie kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, Tanzania na Kenya sawasawa. Ukienda kwa mganga mkuu wa wilaya mwezi Mei na wazo zuri, atakusikiliza, atakupongeza, na hatakuwa na shilingi ya kukupa. Nenda Oktoba au Novemba, vipaumbele vya mwaka unaofuata vikiwa bado havijaandikwa.

Mfuko wa Dunia una kiti cha vijana nchini kwetu?

Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulioanzishwa mwaka 2002, hutoa fedha kwa maombi yanayopitia kamati ya taifa ya uratibu katika nchi husika. Masharti yanataka watu wanaoishi na magonjwa hayo au walioathirika nayo wawemo, na wawakilishi wasio wa serikali wachaguliwe na kundi lao wenyewe kwa utaratibu ulio wazi na ulioandikwa. Kiti cha vijana kinaweza kuwepo au kisiwepo, kulingana na nchi.

Kwa hiyo ukiambiwa kuna mwakilishi wa vijana, uliza muhtasari wa uchaguzi wake. Una haki ya kuuona. Ukikuta aliyekaa pale aliteuliwa na mtu mmoja ofisini, umepata hoja ya kuanzia.

Kuna maana gani kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Geneva?

Mkutano hufanyika kila Mei, ukikutanisha nchi wanachama wa WHO. Vijana huingia kwa njia mbili: ndani ya ujumbe wa nchi yao, au kupitia shirika lenye uhusiano rasmi na WHO, kama IFMSA. Ukienda kwa njia ya pili utapewa dakika moja hivi ya kusema, mara nyingi jioni, wajumbe wakiwa wameshachoka, na kwa kawaida unajilipia mwenyewe au shirika lako likutafutie mfadhili. Viza ya Schengen ni euro 90 na huombwa hadi miezi sita kabla ya safari. Wengi wetu tumekwama kwa kuomba Aprili.

Anayesema dakika moja Mei habadilishi maandishi. Mkataba wa dunia wa majanga ya milipuko ulipitishwa tarehe 20 Mei 2025, lakini maneno yake yalipimwa kwa zaidi ya miaka mitatu ya vikao. Aliyetaka neno libadilike alizungumza na wizara yake nyumbani, miezi mingi kabla. Kama una nauli ya safari moja tu, nenda Dodoma au Nairobi.

## Hali ngumu

Nina miaka 16. Naruhusiwa?

Kwenye klabu ya shule na shughuli za jamii, ndiyo, kwa ridhaa ya mzazi au mlezi iliyoandikwa, na pawepo mtu mzima anayejulikana kwa jina atakayewajibika. Usisafiri kulala nje bila hivyo. Usikubali kazi ya usiku, wala kugusa damu au takataka za hospitali. Sheria ya Tanzania iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, lakini ruhusa ya kupimwa si ruhusa ya kutumwa kuwapima wengine.

Naishi na VVU, na shirika linaniomba nitoe ushuhuda hadharani.

Una haki ya kukataa, hata dakika ya mwisho, hata jina likiwa limeshapangwa kwenye ratiba. Uliza nani atakuwepo, kama kuna kamera, na video itakaa wapi. Ukisema leo ukiwa na miaka 19, picha itakuwepo utakapokuwa na 30 na watoto wako wakiwa shule. Kuna waliosema na wakajisikia wepesi, na kuna waliohama mtaa. Wewe ndiye utakayeishi na matokeo, kwa hiyo wewe ndiye unayeamua. Na usaidizi wa ushauri uwepo baada ya tukio, maana makofi yakiisha mtu hubaki peke yake kwenye basi.

Tunaweza kuwapiga picha wagonjwa kwa ajili ya ripoti?

Kwa ridhaa yao, iliyoelezwa kwa lugha wanayoielewa, na mtoto kwa ridhaa ya mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na taarifa za afya zinalindwa zaidi ya nyingine. Picha ya rejista ya zahanati kwenye kundi la WhatsApp ni kosa, hata kama umeituma kumwonyesha mratibu mwandiko. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na hufanywa na vijana wachapakazi.

Tukitembeza madodoso, tunahitaji kibali?

Ikiwa ni utafiti, ndiyo. Tanzania Bara kibali cha maadili hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, au kamati ya taasisi inayotambulika, Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na kibali cha kamati ya maadili. Ikiwa mnahesabu tu kwa matumizi ya zahanati, kama wale wa baiskeli kule Muheza, barua ya mganga mkuu inatosha. Mkiwa na shaka mko upande gani, ulizeni kabla. Baada ya kukusanya haiwezekani kuomba kibali cha jana.

Mtaani wanasema chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inafanya mabinti wasizae. Nijibu nini?

Usianze kwa kucheka. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutoa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Rwanda ilianza mwaka 2011, na mabinti waliochanjwa mwanzo sasa ni wanawake wazima, wengine akina mama. Hilo linasaidia zaidi ya maelezo ya virusi.

Ila swali lenyewe mara nyingi si la uzazi. Ni "kwa nini mtoto wangu, kwa nini shuleni, na kwa nini hamkuniuliza?" Mzazi mmoja wa kiume aliniuliza mambo ya uzazi kwa nusu saa, na mwisho akasema barua ya shule ilikuja siku ya chanjo yenyewe. Tulimwomba radhi. Wiki iliyofuata akamleta binti mwenyewe.

Ukitokea mlipuko, mimi kama kijana wa kujitolea niende?

Usiende kwa hiari yako. Marburg ya Biharamulo, iliyotangazwa Januari 2025, iliua watu wote kumi waliohesabiwa kuwa wameambukizwa. Subiri kupangwa na timu ya wilaya, upewe mafunzo na vifaa, na ujue nani atakutibu ukiugua. Wakati unasubiri, kazi ya maneno ipo: kupiga simu, kujibu uzushi, kueleza mazishi salama kwa watu wanaokuamini. Kuhusu lugha, rudia jibu la wasiosomea afya.

Nimefikisha miaka 35. Nitoke?

Kwenye kiti cha kijana, ndiyo. Kwenye kazi, la. Tafuta kiti kingine, na usimalize kukabidhi kwa hotuba tu. Kabidhi sahihi ya benki, namba inayosimamia kundi la simu, na upeleke jina jipya kwa mganga mkuu ili mialiko isiendelee kuja kwako.

Mimi nilichelewa mwaka mzima kwa sababu ya muhuri. Ulikuwa kwenye droo nyumbani kwangu, na kila barua ilibidi wanifuate. Mwenyekiti mpya, binti wa miaka 22, alikuja kuuchukua kwa bodaboda. Akaujaribu kwenye karatasi, akaona wino umekauka, akaandika hilo kwenye daftari la makabidhiano, kisha akanipa kalamu nisaini.